Mama Darubini na Jibu Lake

Kwenye jedwali letu la utafiti yeye ni mstari mmoja. Ukiusoma kutoka kushoto utaona kwamba ni mwanamke, utaona kundi la umri wake, aina ya uvimbe uliotolewa kwenye ubongo, hali ya jeni tulizozipima, na mwisho kabisa idadi ya siku alizoishi tangu afanyiwe upasuaji. Mstari huo niliuandika mimi mwenyewe na hauna kosa. Ila mtu yeyote wa Mbulu aliyemfahamu akiusoma atauliza, huyu ni nani? Ndiyo maana naandika haya, kabla sijazeeka nikaanza kuchanganya mambo.

Watu walimwita Mama Darubini. Hakuzaa, lakini kwetu mwanamke mzima mwenye kazi ya heshima haitwi kwa jina kavu, na kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya darubini ya hospitali moja ya misheni miaka na miaka, mpaka watoto waliochukuliwa damu naye wakarudi wakiwa wamebeba watoto wao. Alikuwa mrefu na mwembamba. Baridi ya Mbulu aliichukia kama mtu aliyemkosea, kwa hiyo alivaa sweta mbili, na ile ya juu vifungo vyake vilikwenda kombo kila siku kwa sababu alivaa huku akiongea.

Darubini yenyewe ilikuwa ya zamani, ya jicho moja. Wengine wote tulikuwa tunafumba jicho la pili. Yeye aliyaacha yote mawili wazi: la kushoto linatazama vimelea, la kulia linakutazama wewe. Mimi niliajiriwa pale kuosha vioo vya kupimia baada ya kumaliza kidato cha nne, na wiki ya kwanza nilijaribu kula andazi kwenye kona wakati yeye anahesabu. Bila kuinua kichwa akaniambia nikalimalizie nje, nirudi nimenawa, na nikumbuke kwamba mezani pale kulikuwa na choo cha watu kumi na wanne. Tangu siku hiyo andazi na mimi tulipoteza urafiki kwa muda mrefu.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mtu wa maabara hamwambii mgonjwa majibu. Anaandika, anakunja karatasi, anamkabidhi mgonjwa mwenyewe mkononi, na mgonjwa anaipeleka kwa daktari. Nilipomuuliza kwa nini tusiwapunguzie watu wasiwasi pale pale dirishani, aliniambia kwamba ukishamwambia mtu ana kifua kikuu, swali lake la pili ni atapona lini, na mimi muosha vioo sina jibu la swali la pili. Mwenye jibu la pili ndiye anayeruhusiwa kutoa la kwanza.

Hilo la kumkabidhi mwenyewe mkononi alilishika kuliko hata Amri Kumi. Nakumbuka mwanamume mmoja, mkulima mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa, alikuja na mkewe. Jina la mke lilipoitwa, yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Mama Darubini akaishika karatasi, akamtazama. Mwanamume akaeleza kwamba yeye ndiye mume. Mama akamwambia hongera, lakini damu haikutoka kwake. Foleni nzima ilicheka, mwanamume akarudisha mkono, na mke akaja mbele akaichukua kwa mikono miwili huku ameinamisha uso. Sikujua karatasi ile ilisema nini. Nilijua tu kwamba aliondoka nayo yeye mwenyewe.

Lakini watu wa Mbulu hawashindwi kirahisi. Kwa kuwa Mama hasemi, wakaamua kumsoma. Ulizuka uvumi kwamba ukisalimiwa kwa Kiiraqw, lugha yetu, wakati wa kupewa karatasi, majibu ni mazuri, na ukisalimiwa kwa Kiswahili, kaa vizuri na Mungu wako. Sijui nani aliuanzisha. Kulikuwa na wamama waliokuwa wakishusha pumzi wakisikia neno la nyumbani, na mzee mmoja aliyezimia kwa sababu aliulizwa 'hujambo', kumbe alikuwa na minyoo tu. Mama aliposikia habari hizo alikasirika siku mbili. Baada ya hapo alianza kuwasalimu wote kwa Kiswahili, kuanzia askofu hadi bibi asiyejua neno hata moja la lugha hiyo, na kwa wiki nzima hospitali ilionekana kama kuna msiba.

Ubaya wake, au uzuri wake, ni kwamba sheria hiyo haikuwahusu wanyama. Siku moja alikuja mzee wa Kibarbaig kutoka upande wa Basotu, shuka begani na fimbo mkononi, amemleta mkewe kupimwa. Mke alipomaliza, mzee akatoa ndani ya shuka kichupa chenye damu nyingine na kukiweka dirishani kimya kimya. Ilikuwa ya ng'ombe. Mama alimgombeza vizuri, akamwambia hii ni hospitali ya watu, mwenye ng'ombe aende kwa bwana mifugo. Halafu akakichukua kichupa, akafunga mlango, akapaka damu kwenye kioo, akatazama. Akafungua dirisha na kumtangazia mzee mbele ya watu wote kwamba ni ndigana, na kwamba asipowaogesha wale waliobaki, kupe watawamaliza.

Nilimuuliza mbona majibu ya ng'ombe ameyatangaza hadharani. Alikuwa anafuta lenzi, hakunitazama.

"Ng'ombe hana majirani," alisema.

Tangu hapo kila mnada wa mifugo ulipokaribia tulikuwa na vichupa vya damu visivyo na majina, na karibu na Krismasi tuliletewa kibuyu cha maziwa mgando kilichotushinda kukimaliza.

Sitaki nimfanye mtakatifu, maana angenicheka. Alikuwa anaogopa sindano. Mwanamke aliyetoboa vidole vya wilaya nzima alipochomwa yeye ilibidi ashikwe bega, aangalie ukutani, na aimbe pambio. Kanisani alikaa benchi la nyuma ili atoke kabla ya matangazo. Alitufundisha kutokuamini kitu ambacho hatujakiona kwa macho, lakini hakuhamia kwenye vyumba vya wafanyakazi vilipokarabatiwa mpaka wazee wawili walipokuja kuviombea baraka kwa lugha yetu, na huo ulikuwa mwezi wa tatu tangu vikamilike.

Na kulikuwa na habari ya mpaka. Kwao ni Endasak, kwenye mteremko wa Hanang, ambako kaka yake alibaki na shamba la familia. Mimi huyo kaka nilimwita Mjomba, kama inavyostahili kwa kaka wa mtu uliyezoea kumwita Mama. Shamba lao linapakana na la mzee mmoja, na katikati kuna ua wa minyaa. Mama alidai kwamba mwaka mmoja wa mvua nyingi yule mzee aling'oa minyaa na kuipanda upya hatua moja ndani ya shamba lao. Hatua moja tu, ya mtu mzima. Mzee alikataa. Wazee wa kijiji walikaa mara mbili, na mara zote mbili Mama alichukua likizo, akasafiri kutoka Mbulu, akasimama mbele yao kama wakili. Mtu aliyekuwa na subira ya kuhesabu chembe za damu asubuhi nzima hakuwa na subira ya dakika moja na jirani huyo. Hawakusalimiana. Wakikutana njiani mmoja wao alikumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani.

Ni yeye aliyenisukuma nisome. Alinijazia fomu za chuo kwa mwandiko wake, na nilipoondoka alinipa sweta moja kati ya mbili, ile yenye vifungo. Nilisoma, nikaendelea kusoma, na mwisho nikajikuta Dar es Salaam kwenye maabara inayochunguza uvimbe wa ubongo, ule mbaya, ambao hata ukikatwa unarudi. Kila nilipokwenda likizo nilipitia Endasak kumsalimia, maana wakati huo alishastaafu na kurudi kwa kaka yake.

Likizo moja aliniuliza tunatazama nini siku hizi, kama si vimelea. Tulikuwa tunachambua maharage uani. Nikamweleza kwamba kila chembe ya mwili ina jeni zote, lakini haizitumii zote. Nyingine ziko macho, nyingine zimelala, na kwenye saratani zile zilizopaswa kulala zinaamka na zilizopaswa kuwa macho zinalala. Alikunja uso. Nikajaribu tena: kila mwanakwaya ana kitabu kizima cha nyimbo, lakini anaimba wimbo uliotangazwa.

"Kwa hiyo mnasikiliza wanaimba wimbo gani," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na kwamba tukishajua tunalinganisha na muda ambao wagonjwa wameishi. Kuna nyimbo za watu waliokaa miaka, na nyingine za watu walioondoka haraka. Akauliza tunajuaje wameishi muda gani. Nikamwambia kila baada ya miezi mitatu tunapiga simu nyumbani kwao.

"Mnapiga simu kuuliza kama mtu ameshakufa?"

Nikajitetea kwamba tunauliza maendeleo. Alicheka mpaka akakohoa, akamwita Mjomba aje asikie kazi ninayofanya mjini. Alipomaliza kucheka alinifundisha jambo ambalo hakuna chuo kiliwahi kunifundisha. Alisema nikipiga simu vijijini nisiulize mgonjwa. Nisalimie vizuri, niulize mvua, niulize mifugo, niulize watoto wamefungua shule, halafu ninyamaze. Mwenye msiba atausema mwenyewe, na mwenye mgonjwa aliye hai atamwita aje aongee. Nilirudi nikafanya hivyo, na ni kweli. Wenzangu walishangaa kwa nini simu zangu ni ndefu na fomu zangu zimejaa.

Ugonjwa aliuona yeye kwanza. Aliniambia baadaye kwamba alianza kuacha chakula upande wa kushoto wa sahani bila kujua kuwa kipo. Kichwa kilimuuma asubuhi na kutulia mchana. Maneno yakaanza kumkimbia, hasa majina ya vitu vidogo: kijiko, kiberiti, ufagio. Mjomba alidhani ni uzee, akina mama wa jumuiya wakadhani ni presha. Yeye alijifunika jicho la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto, akaona kwamba kwa macho yote mawili kuna kipande cha dunia kilichokosekana upande ule ule. Akamwambia Mjomba kwamba tatizo haliko kwenye macho, liko nyuma yake, na ampigie simu yule binti wa Dar.

Alifanyiwa upasuaji. Kabla ya hapo alisaini karatasi za utafiti wetu kwa mkono wake wa kuandikia, wa kushoto, uliokuwa tayari unapotea njia, na akamwambia daktari kwamba nyama yake ipelekwe kwangu, si kwa mwingine. Sijawahi kupokea mzigo mzito kama kile kichupa, na kilikuwa na kipande kisichozidi punje ya hindi.

Sasa nieleze jambo moja tu la kitaalamu, kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake. Vidonge wanavyopewa wagonjwa wa uvimbe huu baada ya mionzi vinaua saratani kwa kuchanachana jeni zake. Lakini kuna jeni moja ambayo kazi yake ni kushona palipochanika. Kama jeni hiyo imelala, vidonge vinafanya kazi na mtu hupata muda zaidi. Kama iko macho, dawa ikichana yenyewe inashona, na vidonge vinasaidia kidogo sana. Nilipima mara mbili kama utaratibu unavyotaka. Nikapima mara ya tatu. Ya Mama ilikuwa macho, macho kabisa.

Daktari alisoma majibu. Alisema Mama ameshamaliza mionzi, vidonge vya kila mwezi vinamchosha, na kila mwezi lazima asafiri kuja Dar na kurudi. Kwa majibu haya, kuendelea au kuacha ni uamuzi wake mwenyewe. Akaniomba mimi nimweleze, kwa kuwa natoka kwao na ananifahamu. Nikakubali. Nikapiga simu.

Simu aliipokea Mjomba. Siku hizo yeye ndiye aliyeishika simu ya Mama kwa sababu tarakimu zilikuwa zinamchezea. Ningeweza kusema, nipe Mama. Maneno mawili tu hayo. Badala yake nilimwambia Mjomba yote. Kwetu habari nzito haimwendei mwenyewe moja kwa moja. Inapitia kwa mkubwa wa nyumba. Yeye ndiye anayetafuta siku, anawaita watu wawili watatu wa karibu, chakula kinaliwa kwanza, na mtu anaambiwa akiwa ameshiba na amezungukwa na wake. Ni desturi nzuri na nimeona imesaidia watu wengi. Mimi siku ile niliitumia kwa sababu niliogopa. Nikakata simu nikiwa nimepumua, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Mjomba hakuipata siku. Mara mvua, mara palizi, mara dada yake ana nafuu kidogo na si vizuri kumharibia. Akaomba ushauri kwa mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa akamshirikisha mkewe ili amkumbuke katika sala. Ndani ya mwezi mmoja Endasak nzima, na nusu ya Mogitu, walijua kwamba jeni ya Mama Darubini iko macho, ingawa sidhani kama walijua jeni ni nini. Aliyekuwa hajui ni mmoja. Na huyo mmoja aliendelea kupanda basi.

Alipanda mara mbili. Safari ya pili nilimpokea stendi mwenyewe, akashuka amejishika kwenye mlango kwa mkono mmoja ulio mzima, akaniuliza kama kazi yangu inaendelea vizuri. Nikamwambia inaendelea. Habari ya majibu sikuigusa. Nilijiambia kwamba hilo ni la Mjomba, yeye ndiye mkubwa wa nyumba, mimi ni mtu wa maabara tu.

Mwezi uliofuata, wakati wa kuvuna maharage, aliipata simu yake, akanipigia mwenyewe. Nilianza kumsalimia, akanikatisha. "Njoo nyumbani," alisema, na simu ikakatika.

Nilifika Endasak mchana, kwa pikipiki kutoka barabara kuu. Hanang ilikuwa wazi mpaka kileleni. Mjomba alikuwa uani na fimbo akipiga maharage yaliyokaushwa, makapi yakiruka, na aliponiona aliangalia chini. Mama alikuwa amekaa ndani karibu na dirisha, kitambaa kichwani, amekonda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa huku kulia. Huko kushoto sikuoni."

Nikahama. Aliuliza habari za safari, akauliza mama yangu mzazi hajambo, akauliza kama mvua za Dar zimekwisha. Halafu akanyamaza. Nikautambua utaratibu ule, na nikajua sasa ni zamu yangu kusema mwenyewe. Sikuweza.

Basi akaanza yeye. Alisema wiki mbili kabla yule mzee wa mpaka alikuja. Hakupita njiani, alikuja mpaka mlangoni, ameshika kopo la asali, akavua kofia. Akaomba wasameheane mbele ya mashahidi, akasema minyaa ameshairudisha hatua moja nyuma. Mama alitoka nje na mkongojo akaenda kuangalia, na ni kweli, matundu ya zamani yalikuwa bado wazi. Kwetu hakuna anayetaka kubaki na ugomvi na mtu anayeondoka. Neno lake la mwisho linaweza kukaa juu ya nyumba yako vizazi. Mama alilijua hilo kama kila mtu anavyolijua.

"Yule mtu hajawahi kunipa hata maji," alisema. "Nikajiuliza, huyu ameona karatasi gani?"

Aliendelea polepole, akitafuta maneno, mengine akiyaruka yalipokataa kuja. Baada ya yule mzee alianza kuwahesabu wageni. Nani alikuja, ameleta nini, alikuwa na deni gani la moyo. Alipomaliza kuhesabu alikuwa na jibu lake, kasoro namba. Ndipo akachukua simu kwenye koti la Mjomba.

"Nani ana majibu yangu?"

"Mimi, Mama. Na daktari. Na Mjomba."

"Na mwenye minyaa."

Nikasema, na nilipokuwa nasema nilijua ni maneno ya mwoga, kwamba yeye mwenyewe alinifundisha mtu wa maabara hamwambii mgonjwa.

"Nilikufundisha karatasi apewe mgonjwa mkononi," alisema. "Ya kwangu umempa nani?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Akaniambia amepanda basi mara mbili, na mara zote mbili alitapika kuanzia Singida, na kila aliporudi alilala siku nne bila kuweza kukaa. Palizi imempita. Ubatizo wa mjukuu wa Mjomba umempita, alizisikia nyimbo zake kutoka kitandani. Sasa kwa kuwa mimi ndiye mwenye hesabu, akasema, nihesabu mwenyewe ni siku ngapi, na nimwambie kama anazo nyingine za kutugawia.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya ugonjwa wake, huo nilishaulilia Dar. Nililia kwa aibu, kwa sababu nilimpenda mtu huyu kuliko karibu wote, na nilikuwa nimemwibia kitu asichokuwa nacho cha kutosha. Alinisubiri kama alivyokuwa akinisubiri nimalize kufagia vioo nilivyovunja.

"Umemaliza? Haya, nisomee."

Nikatoa karatasi kwenye begi. Nikampa mkononi kwanza. Aliishika muda kidogo, akaitazama herufi zisizotulia, akanirudishia. Nikamsomea yote kuanzia juu, kama mtu anavyomsomea mwenzake wa kazi, jeni moja baada ya nyingine. Aliuliza kipande kilikaa muda gani kabla hakijagandishwa. Aliuliza nilitumia kipimo gani cha kulinganishia. Nikaona uso wake unachangamka, na kwa nusu saa hivi tulikuwa tena Mbulu.

"Umerudia?"

"Mara tatu."

"Utaratibu ni mara mbili."

"Ya tatu nilitaka ibadilike, Mama."

Akanyoosha mkono wa kulia, akanishika mkono, na hakuuachia tena.

"Ikabadilika?"

"Haikubadilika."

Akatikisa kichwa kukubali. Akauliza swali la pili, lile nililoambiwa nikiwa muosha vioo kwamba sina jibu lake. Wenye wimbo kama wake wanakaa muda gani? Safari hii jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia muda wa wale wanaoendelea na vidonge, na muda wa wale wanaoacha, na tofauti iliyopo kati yake. Sikuongeza wala sikupunguza. Nikamwambia pia kwamba daktari amesema uamuzi ni wake, tangu siku ile ya kwanza amesema hivyo. Akanitaka nirudie ile tofauti. Nikairudia. Akahesabu kitu kwa vidole vya mkono ulio mzima, akapotea, akaanza upya, akamaliza.

Kisha akaomba mkongojo. Nilitaka kumshika, akanikataa, nikatembea nyuma yake mpaka uani. Mjomba aliacha kupiga maharage. Jasho lilikuwa linamtiririka na makapi yamemganda usoni.

"Kaka, yule wa basi la Jumatatu umeshampigia?"

Mjomba akasema ameshampigia, kiti kiko mbele karibu na dereva kama kawaida.

"Mpigie tena. Akiuze kwa mtu mwingine."

"Dada, tukae kwanza, tuwaite na wazee tuongee..."

"Wameshaongea vya kutosha. Piga."

Mjomba akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Akakosea namba, akaanza tena. Mama akasimama pale pale kwenye maganda ya maharage, ameegemea mkongojo, akangoja simu ipokelewe, akangoja salamu ziishe, mpaka akamsikia kaka yake akisema, "Ndiyo, kile cha dada yangu. Mpe mtu mwingine. Hasafiri tena."